Little Nemo kwenye padi: kutengeneza gemu ya majukwaa ya mtindo wa zamani kutoka katuni ya gazetini

Gemu nyingi zinazotokana na vibonzo vya zamani huharibika siku ile mtengenezaji anapochukua picha za katuni na kuziacha kanuni zake. Sura za wahusika zinafanana na rangi zinafanana, lakini mchezaji akishika padi anakuta gemu ya kuruka kama nyingine yoyote. Mwongozo huu wa gemu ya majukwaa, ambamo mhusika hukimbia na kuruka kutoka jukwaa moja hadi jingine, unatumia Little Nemo in Slumberland ya Winsor McCay, iliyoanza kuchapishwa katika gazeti la New York Herald tarehe 15 Oktoba 1905, kwa sababu kanuni zake zinaingia kwenye gemu karibu zenyewe. Kila Jumapili mtoto anaota, ndoto inazidi kuvurugika, na katika kisanduku cha mwisho anaamka, mara nyingi akiwa ameanguka chini ya kitanda. Vipimo vilivyomo humu vinafaa kwa katuni nyingine pia.

Vifaa ni vichache: injini ya Godot 4 (programu ya kujengea gemu), Aseprite ya kuchorea pikseli (au LibreSprite, ambayo ni ya bure), na FamiStudio kwa muziki. Ramani za levo, yaani hatua za mchezo, zinaweza kupangwa ndani ya Godot au kwenye LDtk, programu ya kuchorea ramani hizo. Tofauti ni ndogo, chagua unayoizoea.

Haki miliki kabla ya pikseli

McCay alifariki 1934, kwa hiyo katika nchi zinazohesabu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi ulinzi ulikwisha mwishoni mwa 2004. Marekani hesabu ya kazi za zama zile ni miaka 95 tangu kuchapishwa, na kurasa za 1905 hadi 1914 zimeshapita huko. Chukua picha kutoka skani za magazeti yenyewe. Vitabu vya karibuni vilivyosafisha rangi upya vinaweza kuwa na madai yao, na huna haja ya ugomvi huo.

Mtego uko kwingine. Filamu ya katuni ya 1989 na gemu ya Capcom ya 1990, Little Nemo: The Dream Master, bado zinalindwa. Kindi arukaye wa kwenye filamu si wa McCay. Wanyama wanaolishwa peremende ni wa Capcom. Wazo la mchezo peke yake kwa kawaida halilindwi na hakimiliki, ila sura, muziki na mpangilio wa levo vinalindwa, kwa hiyo fungua kurasa za gazeti na uandike orodha ya kila kitu unachotaka kutumia pamoja na tarehe ya ukurasa kilipotokea. Kisichopata tarehe, kiache. Kabla ya kutangaza jina la gemu, pitia pia daftari la alama za biashara la nchi utakakouzia, kwani katuni inaweza kuwa huru huku jina lake likiwa limesajiliwa na mtu.

Jambo moja halina mjadala. Katuni hii ina mhusika aitwaye Impie, aliyechorwa kwa dhihaka ya kibaguzi dhidi ya Waafrika. Usimhamishe alivyo kwa kisingizio cha uaminifu kwa asili. Nemo, Flip mvuruga ndoto, Binti Mfalme na Mfalme Morpheus wa nchi ya ndoto wanatosha kabisa kubeba gemu nzima.

Skrini

Konsoli ya NES, mashine ya gemu ya Nintendo ya miaka ya 1980, ilionyesha pikseli 256 kwa 240. Skrini za leo ni pana, na kipimo kinachokubali bila kubaki na sehemu ni 320 kwa 180: ukizidisha kwa 4 unapata 1280 kwa 720, kwa 6 unapata 1920 kwa 1080, kwa 12 unapata 3840 kwa 2160. Ukichagua 384 kwa 216 utapata 1920 kwa 1080 safi kwa kuzidisha kwa 5, lakini kwenye skrini ya 1280 utaangukia 3.33. Hapo baadhi ya pikseli zinakuwa nene na nyingine nyembamba, na mhusika akitembea uso wake unaonekana kucheza-cheza.

Kwenye mipangilio ya mradi weka ukubwa wa dirisha 320 kwa 180, aina ya kunyoosha iwe "viewport", uwiano "keep", na ukuzaji uwe wa namba kamili, yaani "integer". Kichujio cha picha kiwe "Nearest", la sivyo kila kitu kitaonekana kama kimefunikwa ukungu. Kwa mpangilio huu, hata ukizungusha kitu, pikseli zake zinabaki kwenye gridi ileile. Wanaochora kwenye dirisha kubwa na kukuza spraiti (picha ya mhusika au kitu) mojamoja huishia na pikseli za saizi tatu katika picha moja, na hilo huua mtindo wa zamani kuliko kosa lolote la rangi.

Vigae, vipande vya mraba vinavyojenga ramani, viwe vya pikseli 16 kwa 16. Skrini inabeba vigae 20 kwa upana na 11 na robo kwa kimo. Ile robo ipangie juu, chini ya mstari wa alama, isikate sakafu.

Kuchora Nemo kwa rangi tatu

Usipunguze skani. Mistari ya McCay ina unene unaobadilika, na ukiipunguza hadi pikseli 24 unabaki na tope. Anza na kivuli kitupu: jaza umbo la Nemo kwa rangi moja ndani ya kisanduku cha 16 kwa 24, kichwa kichukue pikseli 9 hivi, miguu isizidi 6. Kama kivuli hakitambuliki kuwa ni mtoto mwenye kanzu ya kulalia, rangi hazitakuokoa.

NES iliruhusu rangi tatu kwa kila paleti ya spraiti, ya nne ikiwa ni uwazi. Fuata sheria hiyo hata kama hakuna anayekulazimisha, kwa sababu ndiyo inayoleta sura ile. Kwa Nemo: rangi nyeusi ya nywele na mstari wa nje, rangi ya ngozi, na nyeupe ya kanzu. Utauliza mikunjo ya kanzu itachorwa na nini. Tumia rangi ya ngozi. Pikseli tatu au nne chini ya kwapa na kwenye upindo zinasomeka kama kivuli, na paleti haikuongezeka.

Kanzu nyeupe inaleta shida nyingine: inapotea mbele ya anga hafifu na nguzo za jumba la Morpheus. Weka mandhari ya nyuma kwenye rangi za kati hadi za giza, na ukingo wa juu wa kila jukwaa uwe na mstari wa nuru wa pikseli mbili. Kisha geuza picha nzima iwe ya kijivu. Nemo akizama, rekebisha mandhari, usimguse yeye.

McCay alipenda sana kina cha picha, nguzo zinazokimbilia mbali na sakafu zinazopungua kadiri zinavyoenda nyuma. Kwenye gemu inayotazamwa kutoka ubavuni, sakafu ya namna hiyo inamdanganya mchezaji kuhusu mahali pa kukanyaga. Kina chote kipeleke kwenye tabaka za nyuma, moja ikienda kwa 0.2 ya mwendo wa kamera na nyingine kwa 0.5. Majukwaa yenyewe yawe bapa.

Kukimbia kunahitaji picha 6, kila moja ikikaa fremu 3 za gemu, inayokwenda fremu 60 kwa sekunde. Mzunguko mzima ni fremu 18, sawa na sekunde 0.3, na kwa mwendo wa pikseli 100 kwa sekunde Nemo anasogea pikseli 30 kwa mzunguko, yaani 15 kwa hatua. Ukiziacha picha hizo fremu 5 kila moja, hatua inakuwa ya pikseli 25 kwa mtoto mwenye urefu wa 24, na miguu itaonekana inateleza kama kwenye barafu. Wakati wa kuanguka, kanzu ijae hewa na upindo upande juu pikseli mbili. Ni picha moja tu ya ziada, lakini humwambia mchezaji bila neno kwamba sasa anashuka.

Kuruka

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Usibahatishe namba. Amua vitu viwili tu, kimo cha mruko na muda wa kufika kileleni, halafu piga hesabu:

uvutano = 2 × kimo ÷ muda²
kasi ya kuanzia = 2 × kimo ÷ muda

Kwa kimo cha pikseli 56, yaani vigae vitatu na nusu, na muda wa sekunde 0.4, uvutano ni pikseli 700 kwa sekunde kwa sekunde, na kasi ya kuanzia ni 280. Katika Godot mhimili wa wima unaelekea chini, kwa hiyo andika −280.

Ukipima kwenye skrini utakuta Nemo anafika 54 hivi badala ya 56. Uvutano hupunguza kasi mwanzoni mwa kila fremu kabla ya mwili kusogea, na upungufu huo unajumlishwa hadi kileleni. Ongeza nusu ya uvutano wa fremu kabla ya kusogea na nusu nyingine baada yake, na hesabu itakubali. Au kubali 54, mradi tu levo zako zipangwe kwa kimo ulichopima na si kile cha kwenye karatasi. Kwa vyovyote, ukuta wa vigae vitatu, pikseli 48, unapandika bila taabu na wa vinne haupandiki. Mchezaji anaielewa tofauti hiyo kwa macho baada ya dakika mbili za kucheza.

Kupanda na kushuka kwa uvutano mmoja kunamfanya mhusika aelee kama puto. Wakati wa kushuka zidisha uvutano kwa 1.5, uwe 1050, na kasi ya juu ya kuanguka iishie 360. Kushuka kutoka kileleni kunachukua takribani sekunde 0.33, hivyo mruko mzima ni sekunde 0.73. Kwa mwendo wa 100, Nemo anavuka pikseli 73, vigae vinne na nusu. Basi pengo la vigae vitatu ni la kawaida, la vinne ni la kutisha, na la vitano ni kosa lako wewe mpangaji.

Yapo mambo matatu ambayo mchezaji hayaoni, lakini yakikosekana atasema padi ni mbovu:

Kwanza, mruko mfupi. Kitufe kikiachiwa Nemo akiwa bado anapanda, punguza kasi ya kupanda iwe nusu, mara moja tu. Ukiipunguza kila fremu atakwama hewani ghafla.

Pili, msamaha wa ukingoni. Aliyekwisha toka kwenye jukwaa aruhusiwe kuruka kwa fremu 6 zaidi, sekunde 0.1. Macho ya mchezaji yanaangalia kanzu wakati mashine inaangalia nyayo, na pande hizo mbili hazikubaliani kamwe. Kosa la kawaida hapa ni kusahau kufuta msamaha huo baada ya kuruka. Matokeo yake Nemo anaruka mara mbili, na kuna atakayeligundua siku ya kwanza.

Tatu, kumbukumbu ya kitufe. Kikibonyezwa fremu 6 kabla ya kutua, mruko ufanyike mara nyayo zinapogusa.

Usiweke picha ya kujikunja kabla ya kuruka. Inapendeza kwenye filamu, lakini hapa inachelewesha mwili, na fremu 4 tu za kusubiri ni sekunde 0.067 ambazo kidole kinazihisi.

Hesabu zote za mwendo ziwe ndani ya "_physics_process", sehemu ya msimbo wa Godot inayokwenda mara 60 kwa sekunde bila kujali skrini. Ukiziweka kwenye "_process", inayofuata kasi ya skrini, na kusogeza kwa kiasi kilekile kila fremu, mwenye skrini ya 144 Hz atacheza gemu yenye mwendo zaidi ya mara mbili.

Migongano

Kisanduku cha mgongano, eneo lisiloonekana ambalo mashine hulitumia kujua nani kagusa nini, kiwe kidogo kuliko picha: pikseli 10 kwa 22 kwa Nemo. Cha maadui kipunguze zaidi, cha vitu vya kuokota kiongeze. Mchezaji husamehe kupata kitu ambacho hakukigusa, ila hasamehi kuumizwa na kitu ambacho hakikumgusa.

Nafasi ya mhusika itunzwe kwa desimali na iviringishwe, yaani ifanywe namba kamili, wakati wa kuchora tu. Ukiiviringisha kwenye hesabu, mwendo wa polepole utapotea wote, kwani 0.4 ya pikseli kwa fremu hurudi sifuri kila mara. Na kama Nemo anatetemeka wakati kamera inamfuata, sababu ni kwamba yeye na kamera wanaviringishwa kila mmoja kivyake. Viringisha kamera kwanza, kisha umchore yeye kulingana nayo.

Ukurasa kuwa levo

McCay hakuheshimu gridi ya visanduku. Kisanduku kilirefuka pale ndoto iliporefuka. Ukurasa wa tarehe 26 Julai 1908 ndio mfano bora: miguu ya kitanda cha Nemo inarefuka, kitanda kinatoka nje na kutembea juu ya majengo ya mji, visanduku navyo vikirefuka pamoja nacho, mpaka kinajikwaa. Hiyo ni levo iliyokwisha pangwa. Gawa levo katika vyumba, kila chumba kikiwa kisanduku kimoja cha ukurasa: cha kwanza vigae 20 kwa 11, kinachofuata 20 kwa 22, kisha 20 kwa 33. Mchezaji anapanda huku dirisha la dunia likifunguka juu yake.

Kamera ifungwe ndani ya mipaka ya chumba, na kuhama chumba kuchukue sekunde 0.4 huku kila kitu kikiwa kimesimama. Hitilafu inayojitokeza kila mara ni mchezaji kusimama mpakani na kurushwa huku na huko kati ya vyumba viwili. Akivuka, msogeze pikseli 12 ndani. Anapovuka kwa kwenda juu, mpe tena kasi ya mruko ili asirudi chini kabla hajaona pa kutua.

Kitanda chenyewe ni jukwaa linalosogea. Katika Godot tumia aina ya kitu iitwayo "AnimatableBody2D", na Nemo awe wa aina ya "CharacterBody2D". Injini itambeba yenyewe. Tatizo liko kwenye kuruka: kwa mpangilio wa kawaida, kasi ya kitanda kinachopanda huongezwa kwenye mruko, na Nemo anafika mahali ambapo hukupanga afike. Kwenye mipangilio ya Nemo badilisha "Platform On Leave" iwe "Do Nothing". Amua pia mapema kinachotokea akibanwa kati ya kitanda na dari. Jibu la katuni ni jepesi: anaamka.

Kuamka ndiko kufa kwa gemu hii, na ndiko kutakakoitofautisha. Nemo akiguswa au akianguka shimoni, picha isimame, kona ya chini kulia kifunguke kisanduku kidogo chenye kitanda na mtoto aliyeanguka sakafuni, kisha arudi mwanzo wa chumba. Yote haya yasizidi sekunde moja, na kitufe chochote kiweze kuyaruka. Usihesabu maisha. Kumrudisha mtu mwanzo wa levo baada ya makosa matatu kulikuwa na maana kwenye mashine za sarafu. Hapa kunakata ndoto ambayo umejenga kwa taabu. Chora vile visanduku vya kuamka vitano au sita tofauti, kwa kuwa mchezaji ataviona mara nyingi kuliko picha nyingine yoyote.

Flip, mwenye uso wa kijani na sigara kubwa, ndiye anayevuruga ndoto, na kofia yake ina maandishi yanayoamuru watu waamke. Usimfanye bosi, adui mkuu wa mwisho wa levo, wa kupigwa mara tatu kichwani. Mfanye anayemfukuza Nemo: kila anapopita, majukwaa ya nyuma yake yanafifia baada ya fremu 45, na mchezaji analazimika kwenda mbele. Maadui wengine wasizidi watatu kwenye mstari mmoja. NES ilichora spraiti 8 tu za upana wa pikseli 8 kwa kila mstari wa skrini. Nemo anachukua mbili, maadui watatu wenye upana wake wanachukua sita, na anayezidi hapo alianza kumetameta. Mashine ya leo haina kikomo hicho, lakini jicho la mchezaji linacho.

Muziki

NES ilikuwa na chaneli mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele na moja ya sampuli, yaani sauti zilizorekodiwa. Wimbo uende kwenye mraba, besi kwenye pembetatu, ngoma kwenye kelele. Athari za sauti zichukue mraba wa pili kwa muda na kuurudisha. Ukizipiga juu ya chaneli zote, sikio linatambua mara moja kwamba hii si mashine ya zamani. Sauti ya kuruka iwe fupi, chini ya sekunde 0.15, maana itasikika mara mamia.

Kupima

Mpe padi mtu ambaye hajaiona gemu, kaa kimya, rekodi skrini. Usimweleze kitufe hata kimoja. Andika chumba, mahali alipoanguka na alichokuwa akitazama. Akianguka mara tano mahali pamoja huku akicheka, pengo ni gumu na ni zuri. Akianguka mara mbili na kuitazama padi, tatizo liko kwenye kisanduku cha mgongano au kwenye zile fremu 6. Panga wapimaji wapya kila raundi, kwa sababu aliyecheza jana ameshazoea makosa yako.

Jaribu kwenye televisheni pia, ikiwa kwenye hali ya gemu na ikiwa haimo. Bila hali hiyo, televisheni nyingi huchakata picha kabla ya kuionyesha, na mruko ulioupima vizuri kwenye kompyuta utaonekana mzito. Kama unatoa demo kabla ya gemu kamili, toa levo ya kitanda kinachotembea nzima, kuanzia kisanduku kifupi hadi kile cha vigae 33, na uzime njia za mkato za majaribio kabla ya kuipakia.